Nyasi Kavu za Bonneval-sur-Arc

Wageni wengi wanaofika Bonneval-sur-Arc huondoka na maelezo yaleyale: kwamba kijiji hiki, kilichoko mita 1,800 juu ya usawa wa bahari mwishoni kabisa mwa bonde la Maurienne, katika mkoa wa Savoie karibu na mpaka wa Ufaransa na Italia, kimebaki kilivyo kwa sababu dunia ilikisahau. Ukiyatazama mazingira yake utaelewa kwa nini maelezo hayo yanakubalika upesi. Nyumba zimejengwa kwa mawe na kuezekwa kwa mabamba mazito ya mawe, hakuna waya wa umeme wala wa simu unaokatiza juu ya vichoro, magari huachwa nje ya mtaa wa zamani, wakazi wa kudumu hawafiki 300, na barabara inayopanda kutoka hapo kwenda upande wa pili wa mlima hufungwa na theluji kwa zaidi ya nusu ya mwaka. Hata hivyo maelezo hayo si sahihi, na madhara yake si madogo, kwa kuwa anayeyaamini atadhani kwamba ili kuokoa kijiji cha wakulima milimani inatosha kukiacha peke yake. Bonneval ilipoachwa peke yake ilikaribia kufa. Iliokoka pale watu wake walipoanza kuamua, kwa hesabu, ni nini kisijengwe, ni ardhi ipi isiguswe, na maziwa yao yauzwe kwa masharti gani.

Inafaa kuanza na umaskini wenyewe, maana ndio unaosahaulika kwanza. Savoie iliingizwa Ufaransa mwaka 1860, na kwa miongo mingi baada ya hapo familia za bonde la juu la Maurienne ziliendelea kupitisha majira ya baridi pamoja na wanyama wao, katika chumba cha chini kilichozama nusu ardhini, kwa sababu joto la miili ya ng'ombe na kondoo ndilo lililokuwa la kutegemewa. Miti haistawi vizuri katika mwinuko huo, kwa hiyo kuni zilikuwa adimu. Mavi ya wanyama yalikatwa vipande, yakakaushwa kwenye roshani zinazoelekea jua, kisha yakawa ndiyo kuni. Roshani hizo leo zina maua na hupigwa picha sana. Watoto wa Savoie walipelekwa mijini kusafisha dohani, watu wazima wakatafuta vibarua Paris na Lyon wakati wa baridi, na kila kizazi kilikuwa na idadi yake ya watu waliokwenda kwa msimu mmoja na wasirudi. Upweke ambao mgeni anausifu ndio uliokuwa ukikimaliza kijiji, kidogo kidogo, bila vita wala njaa ya kuandikwa katika vitabu.

Mwaka 1937 ilizinduliwa barabara ya Col de l'Iseran, inayopita mita 2,764 juu ya usawa wa bahari na kuiunganisha Bonneval na Val d'Isère katika bonde la jirani la Tarentaise. Ni kilomita chache tu kwa macho ya ndege, lakini vijiji hivyo viwili, ambavyo hapo kale viliishi maisha yanayofanana, vilielekea njia tofauti kabisa. Val d'Isère ikawa mji wa skii, yaani mchezo wa kuteleza kwenye theluji, wenye vitanda vya wageni vinavyohesabiwa kwa makumi ya maelfu. Jirani yake Tignes ilipatwa na makubwa zaidi: mwaka 1952 kijiji cha zamani kilizamishwa chini ya maji ya bwawa la umeme, na wakazi wakalazimika kuhama. Milima ya Ufaransa baada ya Vita Kuu ya Pili ilikuwa ghala la taifa, ambamo serikali ilikwenda kuchukua umeme, na baadaye fedha za kigeni kupitia utalii. Kuanzia mwaka 1964 mpango mkubwa wa serikali, uliojulikana kama Plan Neige, ulihimiza kujengwa kwa miji mizima ya skii mahali ambapo hapo awali palikuwa na malisho ya kiangazi tu. Mpango huo ulidumu hadi mwaka 1977, ambapo Rais Valéry Giscard d'Estaing, akihutubia Vallouise, alitangaza kwamba mlima ungepaswa kuendelezwa kwa kiasi zaidi na kwa kuwahusisha wanaoishi humo.

Bonneval ilikuwa imefanya uamuzi wake miaka 20 kabla ya hotuba hiyo. Mwaka 1956 kijiji kilimchagua meya kijana, Gilbert André, ambaye hakuzaliwa hapo, na ambaye angebaki katika kiti hicho kwa karibu miaka 40. Haukupita muda mrefu kabla ya mafuriko ya Juni 1957 kuliharibu bonde la juu la Maurienne, yakibeba madaraja, barabara na makonde. Kwa jamii ndogo iliyokwisha kupoteza vijana wake, kuhama wote kwa pamoja halikuwa wazo la kichaa. André alikuwa miongoni mwa watu walioshinikiza kuanzishwa kwa Hifadhi ya Taifa ya Vanoise, ambayo ilizaliwa mwaka 1963 ikiwa ya kwanza nchini Ufaransa, na ambayo miaka michache baadaye ilijaribiwa vikali pale mwekezaji alipotaka kujenga kituo cha skii ndani ya mipaka yake. Kelele za umma kati ya mwaka 1969 na 1971 ziliuzima mradi huo.

Kuna kawaida ya kumwonyesha meya huyo kama adui wa maendeleo, mtu aliyepigana na karne yake. Mimi sikubaliani. Kijiji chake kilipokea skii mwishoni mwa miaka ya 1960, kikajenga lifti chache za kuwapandisha watelezaji, kikafungua mtaa mpya wa Tralenta kwa ajili ya hoteli na maduka, mbali kidogo na nyumba za zamani. Kilipokea umeme na simu pia, ila kikakubali gharama kubwa zaidi ya kuzika nyaya ardhini. Mtu anayekataa maendeleo hatumii fedha za ziada kuyaficha. Kilichokataliwa kilikuwa kitu mahususi: kwamba mtu wa nje, mwenye benki nyuma yake, aje kununua ardhi ya bondeni kwa jumla na kuamua peke yake kijiji kiwe kikubwa kiasi gani. Nani ana haki ya kupanga ukubwa wa kijiji ni swali la kisiasa kabla halijawa la mazingira, na Bonneval ililijibu mapema, wakati ardhi bado ilikuwa mikononi mwa wanaoijua.

Tukisema ardhi ya bondeni, tumefika kwenye kiini cha jambo, ambacho kwa bahati mbaya hakivutii kamera. Mgeni hutazama juu, kwenye barafuto, yaani mito ya barafu, na kwenye malisho ya kiangazi ambako ng'ombe wa rangi ya hudhurungi hutembea na kengele shingoni. Mfugaji hutazama chini, kwenye makonde machache ya tambarare yaliyo kando ya mto Arc, kwa sababu hayo ndiyo yanayoamua atakuwa na ng'ombe wangapi. Malisho ya juu ni mengi kuliko mahitaji, lakini yanatumika kwa miezi minne tu, au chini ya hapo. Sehemu kubwa ya muda unaobaki theluji imefunika kila kitu na mnyama anakula zizini kile kilichokatwa, kukaushwa na kuhifadhiwa ghalani mwezi wa Julai na Agosti. Jamii nyingi za milima ya Alpi zilikuwa na kanuni ya kale iliyomkataza mtu kupandisha malishoni wakati wa kiangazi wanyama wengi kuliko aliowalisha mwenyewe wakati wa baridi, na kanuni hiyo ilitosha kuzuia ulafi bila askari wala faini nyingi.

Tufanye hesabu kwa makadirio ya kawaida. Ng'ombe wa maziwa hula kilo 15 hivi za nyasi kavu kwa siku. Akikaa zizini siku 200, anahitaji tani 3. Konde la milimani, linalokatwa mara moja kwa mwaka, au mara mbili pale ambapo jua na mvua vimekubaliana, hutoa tani 3 au 4 kwa hekta. Kwa hiyo hekta moja ya tambarare bondeni ni sawa na ng'ombe mmoja. Ukijenga juu yake nyumba za likizo, umeondoa ng'ombe mmoja kijijini, na hakuna malisho ya juu, hata yawe mapana namna gani, yatakayomrudisha. Mfugaji hawezi kuvuka upungufu huo kwa kununua chakula kutoka tambarare za mbali, na sababu ya kutoweza huko ni jibini.

Maziwa ya Bonneval yanaingia katika eneo linaloruhusiwa kisheria kutengeneza Beaufort, jibini gumu la maziwa mabichi ambalo jina lake lililindwa na serikali ya Ufaransa mwaka 1968 na baadaye na Umoja wa Ulaya. Gurudumu moja la Beaufort lina uzito wa kilo 20 hadi 70, na kila kilo inadai lita 10 au 11 za maziwa, kwa hiyo gurudumu la kawaida la kilo 40 linameza maziwa zaidi ya lita 400. Familia moja ya zamani, yenye ng'ombe 4 au 5, isingeweza kuyapata kwa siku moja. Ushirika katika milima hii haukuletwa na itikadi. Uliletwa na ukubwa wa sufuria ya shaba. Majirani waliunganisha maziwa, kila mmoja akiandikiwa kiasi chake, na jibini lilipouzwa fedha zikagawanywa kwa daftari hilo. Leo maziwa ya bonde hukusanywa na chama cha ushirika cha Haute Maurienne Vanoise, ambacho kiwanda chake kiko Lanslebourg, mwendo mfupi chini ya bonde.

Jambo la ajabu, na ambalo mtu aliyesomea uchumi wa darasani atalikataa mara ya kwanza analisikia, ni kwamba kanuni za Beaufort zinamzuia mfugaji kuzalisha zaidi. Ng'ombe wanaoruhusiwa ni wa mbegu mbili tu za milimani, Tarentaise na Abondance. Kundi halitakiwi kuzidi wastani wa kilo 5,000 za maziwa kwa ng'ombe kwa mwaka, ilhali ng'ombe wa Holstein wa tambarare za Ufaransa hutoa zaidi ya kilo 8,000. Saileji na vyakula vingine vilivyochachushwa ni marufuku, chakula cha nyongeza kina kiwango chake, na sehemu kubwa ya nyasi kavu lazima itoke ndani ya eneo lenyewe. Jibini hukaa pishini miezi isiyopungua mitano, likigeuzwa na kusuguliwa kwa maji ya chumvi, kabla halijaruhusiwa kuuzwa. Kila sharti, ukilitazama peke yake, linaongeza gharama.

Ukiyatazama yote pamoja, unaona yanafanya kazi moja: yanafunga maziwa kwenye konde. Mfugaji anayetaka kutajirika kwa kununua chakula cha magunia na kuongeza ng'ombe hana njia, na kwa hiyo jibini haliwezi kujaa sokoni hadi bei ianguke. Bei imebaki juu. Mfugaji wa Beaufort hulipwa kwa lita karibu mara mbili ya anavyolipwa mfugaji wa maziwa ya kawaida nchini humo, na ndiyo maana mtu mwenye ng'ombe 30 kwenye mteremko anaweza kulea familia, wakati mwenzake wa Bretagne mwenye ng'ombe 70 analala na madeni. Kanuni hizo hazikushuka kutoka Paris. Zilipiganiwa na wafugaji wenyewe, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika bonde la Beaufort lililo kaskazini zaidi, ambako Maxime Viallet na wenzake walijenga ushirika wakati ambapo bwawa la Roselend lilikuwa limekwisha kuzamisha sehemu ya malisho yao, na vijana walikuwa wakilipwa vizuri zaidi kumwaga zege kuliko kukamua. Waliongeza jambo moja la kiufundi ambalo halisifiwi vya kutosha: mashine ya kukamulia inayohamishika, inayovutwa hadi malishoni, iliyowawezesha watu wawili kufanya kazi ya watu wengi. Bila mashine hiyo, nina hakika malisho ya juu yangekuwa vichaka leo, na wanaosifu mila wasingekuwa na mila ya kusifu.

Kanuni kama hizo zina bei yake, na heshima yake hupimwa pale zinapouma. Kiangazi cha mwaka 2022, ukame ulipokausha milima ya Auvergne, watengenezaji wa jibini la Salers walisimamisha uzalishaji, kwa sababu masharti yao yanataka ng'ombe ale nyasi za malishoni na nyasi hazikuwapo. Wangeweza kuomba kulegezewa na kulisha magunia. Waliona kwamba jina lingeharibika kwa muda mrefu kuliko ukame. Swali hilo litafika Savoie mara nyingi zaidi siku zijazo, kwa kuwa milima ya Alpi imepata joto la takribani nyuzi 2 tangu mwanzo wa karne ya 20, yaani haraka kuliko wastani wa dunia, na barafuto zinazolisha chemchemi za mto Arc zinarudi nyuma mbele ya macho ya watu.

Pamoja na hayo yote, asidanganyike mtu kwamba Bonneval inajitegemea kwa jibini. Mwaka 1975 Jumuiya ya Ulaya, ikifuata mfano ambao Ufaransa ilikuwa imeuanza, ilikubali kwamba mkulima wa milimani anafanya kazi katika hali ambayo hawezi kuibadilisha, yaani mwinuko, mteremko na msimu mfupi, na kwamba alipwe fidia ya kila mwaka kwa ajili hiyo. Fidia hiyo, pamoja na ruzuku nyingine za kilimo, ni sehemu kubwa ya pato la shamba la milimani. Wapo wachambuzi wanaoiita sadaka, na wapo wakulima wanaoona aibu kuitaja. Naona wote wanakosea. Mteremko ambao haukukatwa wala kulishwa humea nyasi ndefu, nyasi hizo zikalala wakati wa vuli, na theluji inayoanguka juu yake hupata utelezi wa kushukia. Baada ya nyasi huja vichaka, baada ya vichaka njia za kale hupotea. Ng'ombe na mashine ya kukatia nyasi vinafanya kazi ambayo vinginevyo serikali ingeilipia kwa kuta na nyavu za kuzuia maporomoko ya theluji, na lifti za skii zinapita juu ya ardhi ambayo mfugaji ameisafisha bure. Kulipia huduma si sadaka.

Mfugaji huyohuyo, mara nyingi, ndiye anayeendesha lifti hizo wakati wa baridi, au kusafisha theluji barabarani, au kufundisha watalii kuteleza. Kazi mbili kwa mtu mmoja si dalili ya kilimo kinachokufa, kwa sababu hakuna kizazi cha milimani kilichowahi kuishi kwa kazi moja. Tofauti ni kwamba wazee walikwenda Paris kutafuta kazi ya pili, na wajukuu wao wanaipata mlangoni.

Kuna kikwazo kingine ambacho fedha pekee hazikiondoi. Sheria ya mirathi ya Ufaransa, inayowapa watoto wote haki sawa, imekata makonde ya milimani vipande vipande kizazi baada ya kizazi, hadi si ajabu kukuta kipande cha kulaza mashine moja tu kikiwa na warithi kumi waliotawanyika kati ya Lyon, Paris na ng'ambo, baadhi yao wasiojua hata kiko wapi. Mfugaji anakata nyasi kwa ruhusa ya mdomo ya mzee mmoja, na mzee akifa ruhusa nayo imekufa. Sheria ya mwaka 1972 kuhusu ufugaji wa milimani ilileta dawa ya busara: wamiliki wa eneo wanaweza kuundiwa chama kinachosimamia ardhi yao yote kwa pamoja na kuikodisha kwa mfugaji, ilhali kila mmoja anabaki na hati yake, na wachache wanaokataa au wasiopatikana hawawezi kuwazuia waliokubali. Kwa maoni yangu hiyo ni moja ya sheria bora za ardhi zilizotungwa Ulaya katika karne iliyopita, na inatumika kidogo mno. Mahali isipotumika, anayeshinda ni yule anayengoja konde ligeuzwe kiwanja, kwa kuwa mita ya mraba ya kujengea hugharimu mara mia na zaidi ya mita ya nyasi.

Mbwa mwitu nitawataja kwa ufupi, ingawa magazeti huwapa nafasi kubwa kuliko makonde. Walirudi Ufaransa kutoka Italia mwaka 1992 na sasa wanakadiriwa kuwa takribani 1,000. Wenye kondoo wameumia kwelikweli, wamelazimika kununua mbwa wakubwa wa ulinzi na kulala malishoni. Kwa kijiji cha ng'ombe wa maziwa, tishio hilo lipo, lakini si ndilo litakaloamua.

Pigo lililotikisa Savoie nzima lilikuja mwaka 2025 kutoka upande ambao hakuna aliyekuwa akiutazama. Tarehe 29 Juni ulithibitishwa katika mkoa huo ugonjwa wa mapele ya ngozi ya ng'ombe, ambao haukuwa umewahi kuonekana Ufaransa. Wafugaji wa Afrika Mashariki wanaujua miaka mingi; ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1929 katika nchi ambayo sasa ni Zambia, na ulifika Kenya katika miaka ya 1950. Unaenezwa na nzi na wadudu wengine wanaouma, na mara nyingi ng'ombe aliyeugua hupona. Lakini sheria ya Umoja wa Ulaya inauweka katika kundi la magonjwa yanayopaswa kung'olewa mara moja, kwa hiyo mnyama mmoja akithibitika, kundi lote linachinjwa, wagonjwa na wazima. Wafugaji walizuia njia, wakaomba wachinjwe walioambukizwa tu. Uhamishaji wa ng'ombe ukafungwa, chanjo ikaanza Julai, na siku ya tarehe 25 mwezi huohuo mashindano ya baiskeli ya Tour de France yalilazimika kukata kilomita 35 hivi kutoka hatua ya Albertville, kwa sababu njia yake ilipita karibu na kundi lililoambukizwa.

Msomaji wa Mwanza au Narok anaweza kuuliza kwa nini ng'ombe waliochinjwa wasilipwe tu na wengine wanunuliwe, na fidia kweli ilikuwapo. Jibu limo katika yale tuliyokwisha kuyaona. Kundi la Tarentaise la bonde fulani ni kizazi cha saba au cha kumi cha ng'ombe waliochaguliwa kwa miguu yao, kwa utulivu wao kwenye mteremko na kwa kujua njia ya kupanda na kushuka. Mtamba aliyenunuliwa mbali huanguka korongoni kiangazi cha kwanza. Na kwa kuwa kanuni za jibini zinaruhusu mbegu mbili tu, soko la kununulia wengine ni dogo. Masharti yaleyale yanayolinda bei yanamfanya mfugaji awe dhaifu mbele ya ugonjwa. Sioni kwamba hilo linatosha kuyaondoa masharti, lakini linatosha kudai kwamba chanjo iwekwe tayari kabla ya ugonjwa kuvuka mpaka, hasa kwa mbegu chache za milimani, badala ya kusubiri kundi la kwanza lichinjwe.

Linalobaki ni nyumba, na hapa Bonneval inaadhibiwa na ushindi wake. Kijiji kilichokataa kujengwa ovyo kimekuwa kizuri, kimeingizwa katika orodha ya vijiji vizuri kuliko vyote Ufaransa, na kwa sababu hiyo kila nyumba ya mawe inayouzwa ina mnunuzi wa mjini anayeitaka kwa wiki chache za mwaka. Kijana aliyerithi ng'ombe wa baba yake hawezi kushindana naye. Anaweza kuwa na zizi, leseni ya maziwa na nyasi za kutosha, na bado akakosa mahali pa kulala karibu na wanyama wanaokamuliwa alfajiri. Sheria iliyopitishwa Novemba 2024, inayojulikana kama sheria ya Le Meur, imezipa halmashauri uwezo wa kutenga maeneo ambamo nyumba mpya itakuwa ya makazi ya kudumu tu. Ni hatua njema kwa miji inayopanuka, lakini Bonneval haipanuki: imebanwa na mto, na ramani za hatari ya maporomoko, na uamuzi wake wenyewe wa kutogusa makonde. Nyumba zake nyingi zimekwisha kujengwa zamani, na sheria hiyo haizigusi.

Njia inayobaki ni halmashauri kununua nyumba za zamani yenyewe pale zinapouzwa, kwa msaada wa mkoa na serikali, na kuzipangisha kwa wanaoishi hapo mwaka mzima, mfugaji akiwa wa kwanza. Ni ghali, na wapiga kura wengine watasema fedha hizo zingefaa kukarabati mtaa wa zamani ambao ndio unaoleta watalii. Ningeambiwa nichague kati ya kutengeneza paa jingine la mabamba ya mawe na kumpatia mfugaji kijana vyumba vitatu kando ya zizi lake, ningechagua vyumba vitatu, hata kama vingeezekwa kwa bati.